Dawati la wahariri wa miswada ya tiba: walichonifanyia, na walichokataa kunifanyia

Kwa muda wa miezi mitano nimekuwa mteja wa dawati la uandishi na uhariri lililomo ndani ya taasisi moja ya utafiti wa afya jijini Dar es Salaam, na kwa kuwa madaktari wenzangu wamekuwa wakiniuliza kama huduma hiyo inastahili fedha na subira inayodai, nimeona niandike tathmini hii kwa urefu badala ya kumjibu kila mmoja peke yake. Jina la taasisi sitalitaja. Dawati lenyewe lina watu wanne tu, na yapo mambo ya kuwalaumu ambayo nitayasema bila kuyapunguza. Ningetaja jina, kila lawama ingekuwa na uso wa mtu.

Mswada niliowapelekea ulitokana na tasnifu yangu ya uzamili, nayo ilihusu upungufu wa damu kwa wajawazito waliohudhuria kliniki katika hospitali ya mji mmoja wa Nyanda za Juu Kusini. Kabla ya kufika kwao ulikuwa umeshakataliwa mara tatu. Jarida la kwanza lilinirudishia baada ya siku nne bila hata kuupeleka kwa wahakiki, yaani wataalamu wanaoipima makala kabla haijachapishwa. La pili liliupeleka, na mhakiki mmoja akaandika ile sentensi ambayo watafiti wengi wa huku kwetu wanaijua kwa moyo, kwamba lugha ya makala ipitiwe na mzawa wa Kiingereza. Nikatii. Nililipa kampuni ya uhariri ya ng'ambo inayofanya kazi kwa njia ya intaneti na kutoza kwa idadi ya maneno, na baada ya siku tatu nikapokea mswada wenye Kiingereza kizuri kuliko nitakachoweza kukiandika maishani, pamoja na cheti kinachothibitisha kwamba umehaririwa. Jarida la tatu likaukataa pia, safari hii bila kulalamikia lugha hata kidogo: wahakiki walisema hawaelewi namba zangu. Nilikuwa nimepaka ufa rangi.

Dawati hili lina wahariri wawili, mtakwimu anayefika Jumanne na Alhamisi, na afisa anayeshughulikia uwasilishaji wa miswada kwenye majarida. Watumishi wa taasisi hawalipi chochote. Sisi wa nje tunalipa ada moja kwa mswada mzima bila kuhesabiwa maneno, na kwangu ada hiyo haikufika theluthi ya nilichoilipa kampuni ya ng'ambo. Unaanza kwa kujaza fomu ya ukurasa mmoja. Inauliza ni nani alifanya nini katika utafiti, kibali cha maadili kina namba gani, ni majarida yapi umeyafikiria, na juu kabisa, kabla ya yote hayo, inakutaka uandike kwa sentensi moja swali ambalo utafiti wako ulikuwa unalijibu. Nilikaa na sentensi hiyo jioni nzima. Nilichoandika mwishowe kilikuwa na viunganishi vinne na maswali matatu ndani yake, na nilipofika kwa mara ya kwanza nikakuta mhariri amekwishakikata vipande kwa penseli na kuandika pembeni, "Lipi kati ya haya?"

Mhariri mwenyewe ni mama wa makamo aliyewahi kuwa muuguzi mkunga kabla ya kuingia katika kazi ya majarida. Siku hiyo ya kwanza, kwa saa mbili tulizokaa, hakusahihisha hata sentensi moja ya Kiingereza. Alihesabu. Ikisiri yangu ilisema wanawake 412, jedwali la kwanza lilikuwa na 389, na mimi nilikuwa nimeusoma mswada ule pengine mara hamsini bila kuliona hilo. "Daktari, wanawake 23 wamekwenda wapi?" Nikaeleza kwamba damu ya 14 iliganda ndani ya mirija kabla ya kupimwa na wengine 9 waliondoka kabla zamu yao haijafika. "Basi hayo uliyoniambia yaandikwe, kwa maana msomaji hakuwepo." Akanionyesha mwongozo wa STROBE, ambao tangu mwaka 2007 unatumiwa na majarida mengi kwa tafiti za uchunguzi kama wangu, ambazo mtafiti hutazama tu bila kumpa mtu tiba ya majaribio, una vipengele 22, na kimojawapo kinamtaka mwandishi aeleze idadi ya washiriki katika kila hatua na sababu ya kila aliyepungua. Nilikuwa nimeujaza mwongozo huo nilipopeleka kwenye majarida, nikiweka alama ya vema kila mahali, kama mtu anavyojaza fomu ya benki.

Alhamisi ya juma hilo nilikutana na mtakwimu, kijana mpole asiyependa kusema mengi, naye ndiye aliyegusa mambo mawili yaliyobadilisha matokeo yangu yenyewe. La kwanza lilikuwa kiwango cha hemoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, ambacho mama akiwa chini yake huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu. Nilitumia gramu 11 kwa desilita kwa wajawazito wote, kama tulivyofundishwa, wakati mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 umekiteremsha kiwango hicho hadi gramu 10.5 kwa walio katika miezi mitatu ya katikati ya ujauzito. Zaidi ya hapo, mji wangu uko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,600. Mwili wa mtu aishiye kwenye mwinuko huongeza hemoglobini ili kufidia upungufu wa oksijeni hewani, na kwa sababu hiyo shirika hilo linataka kipimo kirekebishwe, la sivyo mama mwenye upungufu wa damu ataonekana mzima. Marekebisho haya mawili yanavutana, moja likipunguza idadi ya wagonjwa na jingine likiiongeza, kwa hiyo hapakuwa na njia ya kukisia jibu. Tulikokotoa upya majedwali yote. Nilijisikia vibaya. Nimefanya kazi katika baridi ya mwinuko ule kwa miaka sita na sikuwahi kufikiri kwamba unaingia kwenye majedwali yangu.

La pili lilihusu sentensi niliyoipenda kuliko zote, iliyosema kwamba waliochelewa kuanza kliniki walikuwa na uwezekano wa kupungukiwa damu karibu mara tatu zaidi ya waliowahi. Mtakwimu alichukua karatasi akaandika mfano wa kubuni: wanawake 100 waliochelewa, 70 wana upungufu, wanawake 100 waliowahi, 45 wanao. Ukigawanya 70 kwa 45, alisema, unapata mara moja na nusu na kidogo. Lakini kipimo nilichotumia, uwiano wa odi, hakilinganishi wagonjwa na watu wote. Kinalinganisha wagonjwa na wasio wagonjwa katika kila kundi, 70 kwa 30 na 45 kwa 55, na ukigawanya hivyo unapata 2.85. Hesabu zote mbili ni sahihi. Kosa ni kuisoma ya pili kana kwamba ni ya kwanza, na kosa hilo huwa kubwa zaidi pale tatizo linapokuwa limeenea, kama upungufu wa damu ulivyoenea kwa wajawazito wetu. Mhariri wa kampuni ya ng'ambo alikuwa ameirekebisha sentensi hiyo hiyo mahali pawili, akabadilisha kiunganishi na kuondoa koma.

Yote hayo, hata hivyo, ningeweza kuyapata kwa mtaalamu yeyote mzuri wa takwimu za tiba, awe Dar es Salaam au London. Kilichonifanya niandike tathmini hii kilitokea katika kikao cha tatu, mama mhariri alipofika kwenye sehemu ya lishe, akaweka penseli mezani na kuuliza, "Daktari, hao akina mama uliwauliza kwa lugha gani?"

Nikajibu kwamba kwa Kiswahili, bila shaka. Akaomba dodoso. Sikuwa nalo, nilikuwa nimeleta tafsiri ya Kiingereza tu, kwa kuwa ndiyo iliyoombwa na majarida. Akakataa kuendelea hadi nimpatie la Kiswahili, na nikalazimika kumpigia simu muuguzi wa kliniki alipige picha na kunitumia. Mswada ulisema kwamba wanawake waliokula nyama katika siku saba zilizotangulia mahojiano hawakutofautiana sana na wasiokula, nami katika mjadala nilikuwa nimejenga hoja ndefu juu ya jambo hilo, nikishangaa kwa nini madini ya chuma yatokanayo na wanyama hayakuonyesha faida. Dodoso liliuliza: "Je, katika siku saba zilizopita ulikula nyama?" Basi. Mama akanitazama kama mtu anayemsubiri mtoto amalize hesabu. "Ukiingia mgahawani, mhudumu anakuuliza nini? Wali nyama, wali kuku, wali samaki. Aliyekula kuku jana na dagaa juzi amekujibu nini hapo?"

Amenijibu hapana. Kwa Kiswahili cha kila siku nyama ni ya ng'ombe au mbuzi; kuku ni kuku na samaki ni samaki, na dagaa hawahesabiwi kabisa. Neno la Kiingereza nililoweka kwenye mswada lilikuwa pana kuliko neno nililomwuliza mama yule, na kwa hiyo kundi langu la "wasiokula nyama" lilikuwa limejaa watu waliokula kuku na samaki juma zima. Hakuna hesabu ingeweza kuliokoa hilo baada ya mahojiano kwisha. Tuliloweza kufanya ni kuueleza ukweli: katika sehemu ya mbinu tukaandika swali kama lilivyoulizwa, kwa Kiswahili chake, na kufafanua lilivyoeleweka; hoja ndefu ya mjadala ikafutwa, na mahali pake pakabaki sentensi mbili ndani ya aya ya mapungufu.

Likafuata neno homa. Mswada wangu ulizungumzia wanawake waliopata ongezeko la joto la mwili ndani ya wiki mbili. Dodoso liliuliza kama walipata homa. Kila mtu aliyekaa chumba cha wagonjwa wa nje anajua kwamba mgonjwa anaposema ana homa anaweza kuwa anamaanisha joto, au malaria, au mafua, au kuumwa viungo na uchovu usio na jina, na kipimajoto kikasoma nyuzi 36 na nusu. Mimi najua hilo ninapokuwa na mgonjwa mbele yangu. Nilipokuwa mbele ya kompyuta nililisahau. Jambo la tatu lilikuwa dogo, nalitaja kwa wale watakaokusanya data wenyewe: kwenye fomu za maabara muuguzi mmoja aliandika muda wa kuchukua damu kwa saa za Kiswahili na mwenzake kwa saa za kimataifa, hivyo baadhi ya akina mama walionekana wametolewa damu saa tisa za usiku.

Simlaumu mhariri wa ng'ambo kwa kutoyaona haya. Alipewa Kiingereza, akahariri Kiingereza. Ninachosema ni kwamba utafiti wa tiba unaofanywa huku kwetu huwa na maandishi mawili, yale yanayosomwa na jarida na yale yaliyosemwa na mgonjwa, na mhariri asiyeweza kusoma ya pili hawezi kujua kama ya kwanza ni ya kweli. Sijaona kampuni inayotangaza huduma hiyo. Dawati hili nalo haliitangazi. Wao wanaiona kuwa sehemu ya kazi.

Sasa nije kwa walichokataa. Baada ya mjadala wangu kubomolewa nilichoka, nikamwomba mama mhariri aniandikie aya tatu mpya, kwa kuwa tayari alikuwa anaielewa hoja kuliko mimi. Alikataa kwa upole ambao haukuacha mlango wazi. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, ambayo ilianzia kwenye mkutano wa wahariri wachache mjini Vancouver mwaka 1978, imeweka masharti manne ambayo mtu lazima ayatimize yote ili aitwe mwandishi: awe amechangia kwa uzito katika ubunifu wa utafiti au katika kupata, kuchambua au kufasiri data, awe ameandika mswada au kuuhakiki kwa kina, awe ameidhinisha toleo la mwisho, na awe tayari kuwajibika kwa kazi nzima. Kusaidia uandishi, kurekebisha lugha na kusoma prufu peke yake havimfanyi mtu kuwa mwandishi, na msaada wa namna hiyo hutajwa kwenye shukrani. Anayeandika fikra za makala kisha akafichwa ni jambo jingine kabisa. Mama alinikumbusha habari ya Vioxx, dawa ya maumivu iliyoondolewa sokoni mwaka 2004: mwaka 2008 JAMA, jarida la tiba la Marekani, lilichapisha uchambuzi wa nyaraka zilizotoka kwenye kesi za mahakamani, ukionyesha makala zilizoandaliwa na watu wa kampuni au waandishi waliolipwa, halafu zikatafutiwa majina ya wasomi wa kuwekwa mbele. Nikasema kwamba mimi si kampuni ya dawa. Akasema anajua, na akanipa karatasi yenye maswali sita.

Nilikasirika, naomba kukiri. Nilikuwa nimelipa. Lakini usiku ule nilijirekodi kwenye simu nikiyajibu maswali yale kwa Kiswahili, kama ninayemweleza mdogo wangu, kisha nikayaandika majibu kwa Kiingereza kibovu na kumpelekea. Alikinyoosha Kiingereza, fikra akaziacha zilivyo. Mjadala huo ndio uliochapishwa, na ndiyo sehemu pekee ya makala ninayoweza kuisoma leo bila kuona aibu.

Suala la majina ya waandishi lilihitaji busara zaidi. Katika orodha yangu alikuwemo mkuu wa idara yetu ya zamani, ambaye hakushiriki katika utafiti, lakini nani kati yetu angethubutu kumwacha? Mama hakuniambia nimwondoe. Alinipa fomu ya michango, ambapo kila mwandishi anajaza mwenyewe alichofanya na kutia saini, akashauri nimpelekee mzee pamoja na mswada wenyewe, kwa heshima zote, nimwombe ausome. Nilikwenda na shikamoo mbili badala ya moja. Mzee aliipokea fomu, akaisoma taratibu, akacheka. "Mwanangu, hapa sina la kujaza. Niweke kwenye shukrani." Wapo wakubwa ambao wasingejibu hivyo, na sijui dawati lingenisaidiaje katika hali hiyo, fomu haina nguvu ya kumzuia mtu anayeamua kuijaza tu.

Waliuliza pia kama nilitumia programu za akili bandia. Nilikuwa nimetumia moja kutafsiri rasimu ya ikisiri, na hawakunikemea. Walinielekeza kuitaja, kwa kuwa tangu mwaka 2023 kanuni za ICMJE zinataka matumizi hayo yawekwe wazi na haziruhusu programu kuorodheshwa kama mwandishi.

Afisa wa uwasilishaji ndiye niliyemdharau mwanzoni, nikidhani kazi yake ni kubofya vitufe. Alinizuia nisipeleke mswada kwenye jarida lililokuwa likiniandikia baruapepe kila juma na kuniita "Mheshimiwa Profesa", likiahidi uhakiki ndani ya siku tano; alilitafuta kwenye DOAJ, orodha ya majarida yasomwayo bure mtandaoni yaliyokaguliwa ubora, hakulikuta, akanionyesha kwamba anwani ya ofisi yao ni ya jengo moja na majarida mengine kadhaa. Alikagua kama jarida tulilochagua lina msamaha wa ada ya kuchapisha kwa waandishi wa nchi kama yetu, na akaandika ombi kabla ya kuwasilisha, kwa kuwa majarida mengi hayapokei ombi la namna hiyo baada ya makala kukubaliwa. Zaidi ya yote, alinifungulia cheti changu cha maadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na kuniwekea kidole kwenye sharti ambalo sikuwa nimelizingatia, kwamba kibali cha kuchapisha matokeo kinaombwa kwao kabla ya makala kutoka. Kwa miaka miwili nilikuwa nikipeleka mswada huku na huko bila kibali hicho.

Lawama zangu ni hizi. Waliahidi siku saba za kazi kwa mapitio ya kwanza. Zilikuwa 19, na hakuna aliyenijulisha mpaka nilipopiga simu. Mtakwimu wa siku mbili kwa juma hawezi kuhudumia taasisi nzima na watu wa nje, na kwa sisi tunaotoka mikoani, kukosa Alhamisi moja ni kupoteza juma zima na nauli ya basi. Niliomba vikao vifanyike kwa simu ya video, nikakubaliwa mara moja tu, na siku hiyo mtandao wao ndio uliokatika. Mhariri wa pili, ambaye bado ni mgeni katika kazi, alibadilisha tahajia yangu kuwa ya Kimarekani hadi katikati ya mswada kisha akaiacha ya Kiingereza cha Uingereza katika nusu iliyobaki, nami ndiye niliyegundua. Fomu yao ya maombi iko kwa Kiingereza pekee, jambo ambalo kwa dawati lenye uwezo huu wa Kiswahili ni la kushangaza. Na nilipouliza kama wanaweza kunisaidia kuandaa muhtasari wa Kiswahili wa matokeo, ukurasa mmoja wa kubandika kliniki ili akina mama waliotoa damu yao wajue kilichopatikana, niliambiwa kwamba huduma hiyo haipo. Niliuandika mwenyewe. Ulinichukua muda mrefu kuliko ikisiri.

Lipo pia jambo ambalo si kosa la mtu ila linanitia wasiwasi. Karibu kila kilichonisaidia kwa undani kilitoka kwa mama mmoja. Maswali yake hayamo katika mwongozo wowote wa dawati. Yamo kichwani mwake, yametoka katika miaka ya wodi ya wazazi na miaka ya kusoma prufu. Nilimwuliza kama mhariri kijana hukaa naye kwenye vikao, akasema foleni hairuhusu. Atakapostaafu, dawati litabaki na fomu nzuri, penseli na watu wenye adabu.

Kwa asiyeweza kulipa au kusafiri, AuthorAID ni njia mbadala ninayoijua. Ni mradi wa shirika la INASP lenye makao Oxford, ulioanza mwaka 2007, unaotoa mafunzo ya uandishi wa kitafiti kwa njia ya intaneti na kumkutanisha mtafiti na mlezi wa kujitolea bila malipo. Nilisoma kozi yao wakati nasubiri zile siku 19, na ndiko nilikojifunza kuandika barua ya kuambatisha mswada kwa aya tatu badala ya kurasa mbili. Hata hivyo lengo lao ni kumfundisha mtu aandike, na mlezi ana kazi zake nyingine; mwenye tarehe ya mwisho ya ripoti ya mfadhili asiwategemee wauokoe mswada wake ndani ya juma.

Mswada ulikwenda kwenye jarida la nne na kurudi na hoja 31 kutoka kwa wahakiki wawili. Hapo dawati lilinisaidia tena bila ada ya ziada. Walinifundisha kunukuu kila hoja, kuijibu chini yake, kutaja ukurasa na mstari uliobadilishwa, na kuacha tabia ya kumshukuru mhakiki kwa hoja yake nzuri mara 31. Mhakiki mmoja alitaka maneno ya Kiswahili yaondolewe kwenye sehemu ya mbinu kwa kuwa, alisema, wasomaji wa jarida hawayahitaji. Nilikuwa tayari kukubali, nilitaka yaishe. Mama mhariri akasema hilo nisilikubali, tukaandika jibu la mistari minane tukieleza kisa cha kuku na samaki, na mhariri wa jarida akaamua maneno yabaki. Nyama na homa vimo ndani ya makala, vimechapwa kwa italiki, na dodoso zima la Kiswahili limeambatishwa.

Kwa nyota tano ningewapa nne, na iliyopungua ni ya zile siku 19. Anayetaka Kiingereza kinyooshwe haraka kabla ya mkutano wa Jumatatu asiende kwao. Kampuni za ng'ambo zitamhudumia upesi na vizuri. Aliyekusanya data kwa Kiswahili na anaandika kwa Kiingereza awatafute mapema, hata kabla ya kuandika rasimu ya kwanza, na kama anatoka mkoani apange safari yake kwa siku za mtakwimu. Mswada wangu wa pili uko kwenye foleni yao tangu juma lililopita. Safari hii nimeambatisha dodoso la Kiswahili bila kuombwa, na lile swali la sentensi moja limeniishia na kiunganishi kimoja tu, ambacho nina hakika atakikata.